Picha Kwanza, Kisu Baadaye



"Sista, baba anapasuliwa lini?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote katika wodi ya wanaume. Huulizwa na watoto waliotoka Mahurunga, Kitaya, Kilambo na vijiji vingine vya bonde la Ruvuma, wakiwa wamemleta mzee wao ambaye ameambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume. Kikao cha ukoo kimekwisha kukaa, mjomba amekwisha kusema neno lake, na fedha za korosho zimekwisha kukusanywa. Kilichobaki machoni mwao ni kisu tu.

Swali hilo ni jema, maana linatokana na upendo. Lakini kwa maoni yangu limekuja kabla ya wakati wake. Swali linalopaswa kulitangulia ni hili: "Ugonjwa uko sehemu gani ya tezi, na umefika wapi?" Jibu la swali hilo hutokana na kidole cha daktari, damu, vinyama vinavyopimwa maabara, na picha. Nahodha anayeingia mlango wa Ruvuma hawezi kukimbiza chombo kwa sababu tu abiria wana haraka; kwanza hutazama mafungu ya mchanga yako wapi na maji yamefika wapi.

Mwezi huu napenda kutetea mambo mawili. La kwanza, mwanamume asipasuliwe kwa ajili ya saratani ya tezi dume kabla ya kupigwa picha inayofaa na picha hiyo kusomwa na mtu anayejua kuisoma. La pili, familia isiuze mikorosho yake kulipia picha ambayo majibu yake hayatabadili matibabu. Mambo haya mawili yanaweza kuonekana kama yanapingana. Nitaeleza kwa nini hayapingani.

OPERESHENI ZIKO TATU

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu, nacho huuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo hivi. Umri ukisogea hukua na kuubana mrija. Kukua huko peke yake si saratani. Mzee anaweza kuwa na tezi kubwa isiyo na saratani hata kidogo, na mwingine akawa na tezi ndogo yenye saratani kali.

Watu wengi husema "baba alipasuliwa tezi" kana kwamba operesheni ni moja. Ukweli ni kwamba ziko tatu, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni ya kufungua njia ya mkojo. Hii ndiyo inayofanyika zaidi katika hospitali zetu. Daktari hutoa nyama ya ndani iliyoota na kuubana mrija, lakini sehemu ya nje ya tezi hubaki, kama mtu anayetoa nyama ya chungwa akaacha ganda lake. Jambo la kukumbuka ni kwamba saratani nyingi za tezi huanzia kwenye hiyo sehemu ya nje. Kwa hiyo mzee aliyefanyiwa operesheni hii miaka iliyopita bado anaweza kupata saratani. Mfano wake ni marehemu Nelson Mandela. Mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, alifanyiwa operesheni ya tezi iliyokua. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 83, aligundulika kuwa na saratani katika tezi hiyo hiyo. Hakupasuliwa tena, alitibiwa kwa mionzi, akaishi hadi mwaka 2013 na kufariki akiwa na miaka 95.

Ya pili ni ya kuondoa tezi yote pamoja na vifuko vya manii vilivyo nyuma yake, kisha kibofu kuunganishwa upya na mrija wa mkojo. Hii ni operesheni ya saratani ambayo bado haijatoka nje ya tezi. Ni kazi ya daktari bingwa wa njia ya mkojo aliyeizoea. Madhara yake yanajulikana: mkojo unaweza kuvuja, kwa wengine miezi michache na kwa wengine daima, na nguvu za kiume zinaweza kupungua au kuisha kabisa.

Ya tatu ni ya kuondoa korodani, au ile nyama ya ndani yake inayotengeneza homoni ya kiume. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni hiyo. Daktari Charles Huggins wa Chicago alilionyesha jambo hili mwaka 1941, na mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel. Operesheni hii ni fupi, haina gharama kubwa, na hufanyika hata katika hospitali ndogo. Hupewa mtu ambaye saratani yake imekwisha kusambaa. Haimponyi kabisa, lakini huweza kumpunguzia maumivu na kumrudishia maisha kwa miezi mingi au miaka. Wasiotaka kupasuliwa huweza kuchomwa sindano zinazofanya kazi hiyo hiyo, mradi ziwepo na ziweze kulipiwa bila kukatika.

Mtakubaliana nami kwamba mtu hawezi kuchagua kati ya operesheni hizi kwa kukisia. Anayepaswa kupewa ya tatu akipewa ya pili, ameteswa bure. Na anayestahili ya pili akipewa ya kwanza tu, saratani imeachwa ndani.

KILA PICHA INA KAZI YAKE

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kudhani kwamba picha ya bei kubwa ndiyo inayoona kila kitu. Sivyo. Picha ni kama vyombo vya jikoni: chungu hakifanyi kazi ya ungo.

Ultrasaundi. Hii hupima ukubwa wa tezi, huonyesha mkojo unaobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa, na huonyesha kama figo zimeanza kujaa. Ni kipimo kizuri na kiko karibu nasi. Lakini haitambui vema saratani ndani ya tezi. Karatasi ikisomeka "tezi imekuwa kubwa", msianze kulia. Haijasema saratani. Hali kadhalika, ikisomeka "tezi ni ya kawaida", haijafuta saratani.

Eksirei. Picha hii ya siku nyingi bado ina kazi. Saratani ya tezi dume ikiingia mifupani, hasa uti wa mgongo na nyonga, mara nyingi huacha madoa meupe mazito yanayoonekana kwenye picha. Kasoro yake ni kwamba huonekana baada ya ugonjwa kuwa mkubwa.

CT. Kipimo hiki siku hizi kimefika hadi hospitali za rufaa za mikoa, nalo ni jambo la kushukuru. Huonyesha tezi za limfu zilizovimba, ini, mapafu na mifupa. Lakini kwa kuangalia saratani iliyo ndani ya tezi dume yenyewe, CT ni dhaifu. Familia nyingi hulipa wakidhani itaonyesha "kidonda" ndani ya tezi. Haitaonyesha.

MRI. Hii ni mashine ya sumaku. Haitumii mionzi. Mgonjwa hulala ndani ya tundu kama pipa refu, hupiga kelele nyingi, na huchukua nusu saa au zaidi. Ndiyo picha inayoona ndani ya tezi dume kuliko nyingine za kawaida. Huonyesha doa liko upande gani, lina ukubwa gani, na kama limekaribia au limetoboa ganda la tezi. Msomaji wa picha huipa alama kutoka 1 hadi 5. Alama 1 na 2 maana yake ni kwamba saratani ya hatari haielekei kuwepo. 3 ni ya mashaka. 4 na 5 zinaelekea kuwa saratani inayohitaji kushughulikiwa.

Picha ya mifupa kwa dawa ya nyuklia. Mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo hukimbilia mahali ambapo mfupa umesumbuliwa. Huonyesha mifupa yote kwa mara moja, mapema kuliko eksirei. Lakini mfupa uliovunjika zamani au wenye ugonjwa wa viungo nao huweza kung'aa, hivyo hutaka msomaji mwenye busara.

PET. Hii ndiyo ya kisasa zaidi. Dawa inayochomwa hujishikiza kwenye chembe za saratani ya tezi dume zenyewe, popote zilipo. Mwaka 2020 madaktari wa Australia walitoa matokeo ya wanaume 302 wenye saratani ya hatari waliokuwa wakijiandaa kwa upasuaji au mionzi. PET ya namna hii ilitoa jibu sahihi kwa asilimia 92, wakati CT pamoja na picha ya mifupa zilitoa kwa asilimia 65. Katika Afrika Mashariki, Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilianza huduma ya PET mwaka 2018.

PICHA HUBADILI UAMUZI GANI?

Kwanza, huamua nani achukuliwe vinyama. Zamani mwanamume mwenye kipimo cha damu cha PSA kilichopanda alichomwa sindano kumi au kumi na mbili ndani ya tezi bila kujua doa liko wapi. Ni kama kuchimba kisima mahali popote shambani ukitumaini kukuta maji. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanaume 500 katika nchi 11. Waliopigwa MRI kwanza, kisha wakachomwa pale tu palipoonekana doa, saratani ya hatari ilipatikana kwa asilimia 38. Waliochomwa kwa mtindo wa zamani ilipatikana kwa asilimia 26. Na zaidi ya robo ya wale waliopigwa MRI hawakuchomwa kabisa, kwa kuwa picha haikuonyesha doa la mashaka.

Hapa kuna jambo la kushika. Sindano za vinyama huacha damu ndani ya tezi, na damu hiyo huchafua picha kwa wiki kadhaa. Basi kama MRI ipo katika mpango, ni vema itangulie. Mkiwa mmekwisha kuchukua vinyama, mwambieni mpiga picha tarehe yake.

Pili, huonyesha kama operesheni ya kuondoa tezi yote ina maana. Picha ikionyesha saratani imeingia kwenye mifupa, kuondoa tezi nzima hakutamponya mgonjwa. Ni sawa na kung'oa kisiki wakati mbegu zimekwisha kusambaa shamba zima. Mtu huyo anahitaji tiba ya mwili mzima, yaani ya homoni, na pengine mionzi au dawa nyingine.

Tatu, humwongoza daktari jinsi ya kukata. Pembeni mwa tezi, kulia na kushoto, hupita mishipa ya fahamu inayohusika na nguvu za kiume. Kama doa liko mbali na ganda, daktari anaweza kujaribu kuiacha mishipa hiyo. Kama doa limetoboa ganda upande wa kushoto, mishipa ya kushoto haiwezi kuachwa bila kuacha saratani, lakini ya kulia huenda ikaokolewa. Mwanamume wa miaka 55 mwenye mke na nyumba yake ana haki ya kuelezwa jambo hili kabla hajatia sahihi. Akina baba huona haya kuuliza. Akina mama, waulizieni.

Nne, husaidia kujua nani anaweza kusubiri. Wengi hushangaa nikisema kuna saratani ya kusubiriwa. Mwaka 2023 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya wanaume 1,643 waliogundulika mapema kwa kipimo cha damu. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kupasuliwa, wa kupewa mionzi, na wa kuangaliwa tu kwa karibu. Baada ya miaka kama 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, na tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo sana. Ila walioangaliwa tu walipata saratani ya kusambaa kwa wingi zaidi, kama 9 katika kila 100, wakati makundi mengine yalikuwa na 5 hivi.

Sipendi mtu ayachukue matokeo hayo mazimamazima hadi Mahurunga. Wanaume wale karibu wote walikuwa Wazungu, waligundulika mapema, na walikuwa na hospitali jirani ya kuwapima kila mara. Inajulikana kwamba watu weusi hupata saratani hii zaidi, na mara nyingi mapema zaidi. Hata hivyo, funzo linabaki: mtu mwenye saratani ndogo, ya alama za chini maabara, ambaye picha yake inaonyesha doa dogo lisilogusa ganda, ana muda wa kufikiri. Miezi miwili ya kutafuta picha nzuri na daktari mzoefu haitamuua. Kupasuliwa kwa pupa kunaweza kumwachia nepi maisha yake yote.

PICHA NAYO HUKOSEA

Nisieleweke vibaya kwamba MRI ni mtabiri. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, karibu mtu mmoja kati ya kumi ambao picha yao ilionekana safi alikutwa na saratani ya maana. Kwa hiyo picha safi huku PSA ikizidi kupanda, au daktari akigusa uvimbe mgumu kwa kidole, haitoshi kumrudisha mtu nyumbani moja kwa moja.

Pia doa kwenye picha si hukumu. Uambukizo wa tezi huweza kufanana na saratani. Ndiyo maana vinyama vinapimwa. Hata PSA yenyewe hupandishwa na mambo mengi: tezi kubwa ya kawaida, uambukizo, na hata mpira wa mkojo uliowekwa juzi. Nimemwona mvuvi mmoja ambaye wanawe walikwisha kuagana naye kwa sababu ya namba ya PSA iliyopimwa siku tatu baada ya kuwekewa mpira. Alitibiwa uambukizo, akapimwa tena baada ya wiki kadhaa, na namba ikashuka kabisa. Bado anatupa nyavu.

Tena picha haijisomi. Mashine ya MRI isiyo na msomaji aliyefundishwa kusoma tezi dume ni ngoma isiyo na mpigaji. Napongeza juhudi za kuleta mashine mikoani. Lakini kama ningeulizwa fedha inayofuata iende wapi, ningesema: wasomesheni wasomaji wa picha, wapimaji wa vinyama na mabingwa wa njia ya mkojo, na wakutanishwe wakae meza moja kumzungumzia mgonjwa mmoja kabla ya kisu. Picha inaweza kupigwa Mtwara ikasomwa na bingwa aliye Dar es Salaam siku hiyo hiyo kwa njia ya mtandao. Hilo ni rahisi kuliko kumsafirisha mzee mgonjwa kwa basi.

Kuna habari njema kuhusu gharama pia. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 12. Ulionyesha kwamba MRI fupi ya tezi dume, isiyo na sindano ya dawa ya rangi, ilipata saratani ya hatari sawasawa na ile ndefu yenye sindano, mradi picha iwe ya ubora mzuri. Picha fupi maana yake ni wagonjwa wengi zaidi kwa siku na gharama ndogo. Hospitali zetu zisione haya kuanza na hiyo.

MZEE ALIYECHELEWA ASIZUNGUSHWE

Sasa nafika kwenye jambo langu la pili. Kwa masikitiko, wazee wengi wa pwani yetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mzee ana maumivu ya mgongo usiku, amekonda, tezi yake ni ngumu kama jiwe daktari akiigusa, na PSA imepita 100. Kwa mtu wa namna hii saratani karibu hakika imekwisha kutoka nje ya tezi. Eksirei ya mgongo na nyonga mara nyingi inatosha kuthibitisha. Anachohitaji ni tiba ya homoni, tena upesi, pamoja na dawa za maumivu.

Lakini naona familia zikiambiwa na majirani, "Mpelekeni Dar es Salaam akapigwe ile picha kubwa." Mikorosho inawekwa rehani. Wiki sita zinapita katika kutafuta fedha. Mzee mmoja wa bondeni aliondoka akitembea kwa fimbo. Aliporudishwa alikuwa amebebwa, miguu imekufa ganzi, kwa sababu saratani ilibana uti wa mgongo wakati wa kusubiri. Picha ya gharama aliipata, nayo ilisema yale ambayo eksirei ilikuwa imekwisha kuyasema.

Kwa hiyo naomba mshike hili kwa nguvu: mwanamume mwenye saratani ya tezi dume akianza kuishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi kuanzia kiunoni, au kushindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, hiyo ni hatari ya siku hiyo hiyo. Msisubiri gulio liishe wala mnada wa korosho. MRI ya mgongo ikipatikana upesi ni vizuri sana, lakini tiba isingoje picha iliyo mbali. Kuondoa korodani hushusha homoni ndani ya saa chache, na huweza kuokoa miguu ya mtu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Mkiwa na mgonjwa, kaeni na daktari mkamwulize haya bila woga. Daktari mwema hatakasirika.

1. Je, picha hii inajibu swali gani? Kama ni ya kuangalia ndani ya tezi, ni MRI. Kama ni ya kuangalia kusambaa, ni CT, picha ya mifupa au PET.

2. Majibu yakiwa hivi tutafanya nini, na yakiwa vile tutafanya nini? Kama matibabu ni yale yale kwa vyovyote, wekeni fedha zenu.

3. Je, vinyama vimepimwa, na alama za Gleason ni ngapi? Alama 6 ni ya chini. 8 hadi 10 ni kali. Picha bila alama hizi ni nusu ya habari.

4. Je, mionzi inaweza kutumika badala ya kisu? Kwa wengi hutoa matokeo yanayokaribiana na ya upasuaji. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kisheria mwaka 1996, imekuwa ikitoa tiba hiyo kwa miaka mingi.

5. Je, daktari atakayepasua amezoea operesheni hii, na wagonjwa wake wanaendeleaje kuhusu mkojo na ndoa zao?

6. Je, bima yetu inalipia nini, na barua ya rufaa inatoka wapi? Kwa sisi wa Mtwara anzeni kuuliza Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na kwa wa huko juu hospitali ya misheni ya Ndanda, kabla ya kukata tiketi ya Dar es Salaam.

Siku ya MRI, mwambieni mtaalamu kama mzee ana chuma mwilini, kifaa cha moyo, au aliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni kazini. Vueni hirizi, pete, saa na mkanda. Baada ya kipimo, chukueni picha pamoja na karatasi ya majibu, na mzitunze mahali pakavu. Nimeona picha za thamani zikiwa zimeliwa na mchwa juu ya dari, na mgonjwa akalazimika kulipa upya.

KWA AKINA BABA

Picha zote hizi huwa na thamani kubwa zaidi kwa mtu aliyefika mapema, wakati uamuzi bado una njia nyingi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet lilikadiria kwamba wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi kama zetu, kwa kuwa watu wanaishi zaidi. Wazee watakuwa wengi, na tezi za kutibiwa zitakuwa nyingi.

Kwa hiyo, baba mwenye miaka 45 na kuendelea, na hasa yule ambaye baba yake au ndugu yake aliugua, aende akazungumze na daktari kuhusu kupimwa. Anayeamka kukojoa mara nne usiku, anayesukuma mkojo kwa shida, au aliyeona damu ndani yake, asiseme ni uzee wala asimalize pesa kwa dawa za kuzunguka mitaani. Kipimo cha kidole huchukua dakika moja na hakimpunguzii mtu uanaume wake. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Nanyi vijana mnaoleta wazee wenu, endeleeni kuuliza. Ila anzeni na swali la ugonjwa umefika wapi. Mkikwisha kupata jibu lake, mtajua kama mzee wenu anahitaji kisu, mionzi, tiba ya homoni, au kuangaliwa tu huku akiendelea kulima mpunga wake.